Vyungu Vyeupe vya Saleha

Alhamisi, 3 Aprili
Mawingu tangu alfajiri. Rasharasha saa mbili. Upepo mdogo wa kusini.

Nimezoea kuanza hivi. Miaka thelathini na moja niliandika daftari la vyombo pale bandarini Kilindoni: hali ya hewa kwanza, halafu chombo, halafu mzigo. Nimestaafu, huu mwaka wa tatu, na mkono bado unadai daftari. Leo chombo kilikuwa ndege, na aliyepanda ni mke wangu.

Saleha ameondoka saa nne kwenda Dar es Salaam. Ana uvimbe kwenye kizazi. Daktari wa hapa alisema usicheleweshwe, utolewe, kisha kipande kipelekwe maabara ijulikane kama ni saratani au siyo. Atafikia kwa binti yetu Muna, Tandika. Operesheni ni Jumatano. Nilitaka kwenda naye, akakataa. Alisema Muna anatosha, na kwamba mimi nikiingia hospitali huwa nageuka mgonjwa wa pili.

Pale uwanjani alinishika mkono kidogo, mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Maua yangu, Baba Muna," akasema. Basi, akaenda kupanda.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua tangu saa tisa ya mchana hadi Magharibi.

Maua yake ni ishirini na nane. Nimeyahesabu leo kwa mara ya kwanza, ingawa yamekaa barazani kwangu miaka mingi. Kuna waridi, mrehani, mshubiri, kuna yale ya majani mapana yenye madoa mekundu, kuna mmea wa pesa unaotambaa dirishani mpaka ndani sebuleni. Na kuna asumini, ambayo Saleha aliikata tawi nyumbani kwa mama yake Kirongwe mwezi ule bibi yule alipofariki. Hiyo haiguswi na mtu.

Yote yamo kwenye makopo ya maziwa, ndoo za rangi zilizopasuka na sufuria zisizo na mikono. Chini yametoboka kwa kutu, ndivyo nilivyodhani siku zote, na maji machafu yanachuruzika na kuchora sakafu yangu nyekundu. Nimelalamika juu ya sakafu hii kila masika. Mara ya mwisho ilikuwa wiki mbili zilizopita, naye alikuwa tayari na maumivu. Nikikumbuka hilo leo sijisikii vizuri.

Nimeamua. Akirudi atayakuta maua yake kwenye vyungu vipya.

Jumapili, 6 Aprili
Jua asubuhi, mvua kubwa mchana.

Kazi imekwisha. Vyungu vya plastiki vyeupe, vyote sawa, vina alama za duara chini ya kitako, nafikiri pambo. Nimehamisha ishirini na nane kwa mikono yangu mwenyewe. Udongo nimeuchota bondeni nyuma ya nyumba, ule mweusi unaonata, ambao kwa macho yangu ndio wenye rutuba. Nimeushindilia vizuri ili mimea isiyumbe. Makopo ya zamani nimeyatupa shimoni.

Nimeyapanga ukingoni mwa baraza kwa mstari mmoja, nikatoka hadi barabarani kuyatazama. Nyumba imekuwa kama ofisi ya mkuu wa wilaya. Sakafu ni kavu. Hakuna tone.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua asubuhi. Mchana mawingu mazito.

Nimerudi kutoka sokoni nikamkuta Bi Umi barazani, ameinama, kidole chake kimo ndani ya chungu cha asumini.

Bi Umi ni jirani yetu wa nyuma. Ni mjane, ana shamba la mihogo Baleni, na ndiye rafiki wa Saleha kuliko wote. Hana kisima. Kila asubuhi na jioni anapita kwenye kilango cha uani kuja kuchota maji kwetu, na Saleha akiwapo huchukua saa nzima kujaza ndoo mbili. Mimi na yeye hatuna mazungumzo marefu. Ni mwanamke wa maneno machache, na macho yake yana tabia ya kukaa mahali muda mrefu.

Tukasalimiana. Akauliza habari za Saleha, nikamweleza. Kisha akatazama vile vyungu, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa mstari.

"Shemeji, haya maji yanatokea wapi?" akauliza.

Nikamwambia yanatoka kisimani, palepale anapochota yeye. Akaniangalia kama anayetaka kusema neno, asiseme. Akachukua ndoo zake akaenda.

Nilibaki najiuliza anachunguza nini.

Jumatano, 9 Aprili
Sikuangalia mbingu.

Wamemwingiza saa tatu. Muna alisema atapiga simu wakimtoa. Nimeswali, nimefagia, nimemwagilia maua. Saa tano nimeyamwagilia tena. Saa saba mvua imeyarushia maji ukingoni pale, na bado mimi nimeyaongezea, kwa sababu alinikabidhi kitu kimoja tu na sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Saa tisa na nusu Muna amepiga. Operesheni imekwisha salama. Amefungua macho, ameuliza kama nimekula. Nimekaa chini sakafuni, nikamshukuru Mungu hapo hapo bila hata kutafuta mkeka.

Majibu ya maabara yatachukua wiki nne, labda tano.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua. Nimemwagilia.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua siku ya nne mfululizo.

Majani ya chini ya waridi yamekuwa ya manjano. Mrehani umelegea kama mboga iliyochemshwa. Nikadhani ni kiu, nikauongezea maji.

Nimeongea na Saleha. Ametolewa hospitali, yuko kwa Muna. Sauti ni nyembamba lakini ni yake.

Alhamisi, 17 Aprili
Mawingu. Mvua fupi mara tatu.

Mrehani umekufa. Waridi mbili zimekufa. Yale ya madoa mekundu yameanguka yote, shina ni laini, ukilibonyeza linatoa maji.

Baada ya Alasiri nimezungumza na Zubery nje ya msikiti. Tulifanya naye kazi bandarini. Akasikiliza, akauliza nani aliyaona maua hayo tangu yawe mapya. Nikasema wapita njia wote. Akauliza nani aliyaona kwa karibu. Nikamtaja Bi Umi, na kile kidole chake. Zubery akasema kuna watu jicho lao hawalitumi wao, linakwenda lenyewe.

Nimerudi nyumbani na neno hilo. Sikulitaka, lakini nimerudi nalo. Nikakumbuka jinsi alivyoyatazama mpaka mwisho wa mstari. Nikakumbuka kwamba yeye hana baraza wala hata ua moja, ana mihogo tu.

Ijumaa, 18 Aprili
Mvua kubwa.

Nimetia kufuli kilango cha uani.

Jumapili, 20 Aprili
Mvua asubuhi hadi mchana.

Bi Umi hakuuliza. Nilitegemea angepiga hodi, nami nilikuwa na maneno yangu tayari, kwamba kuna vibaka. Hakuja. Nimemwona kwa mbali akipita barabarani na ndoo kichwani, anatoka kwenye kisima cha Shamte, kule ng'ambo. Alinisalimia kama kawaida. Mkono wa kushoto amefunga kitambaa.

Jumatatu, 21 Aprili
Mawingu.

Saleha amenipigia mwenyewe. Sasa anakaa kitako, anakula uji na samaki kidogo. Akauliza maua. Nikasema mazima yote. Akauliza asumini. Nikasema imechanua.

Asumini ina majani tisa.

Jumatano, 23 Aprili
Mvua haikukatika. Yamekufa manane.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua ilikoma saa nne. Jua la ghafla.

Leo naandika kirefu, kwa sababu ni siku ya aibu yangu, nami nataka ikae mahali.

Asumini ilikuwa imebaki na majani matano. Nikaamua kuihamishia nyuma ya nyumba, mbali na macho ya watu wote. Nikakiinua chungu. Kilikuwa kizito kupita kiasi, kizito kama mfuko wa saruji, na hapo tu ningepaswa kujiuliza. Hatua ya tatu nikateleza. Chungu kikanitoka, kikalala ubavu, na maji yakamwagika sakafuni. Si maji kidogo. Yalikwenda mpaka mlangoni. Meusi, na harufu yake ni ile ya tope la mikokoni maji yakitoka. Nilisimama nikiyatazama na kanzu imerowa hadi magotini.

Udongo ulitoka kama uji. Ndani yake mizizi ya asumini ilikuwa ya kahawia iliyoiva sana, nikiishika ngozi inavuka, inabaki nyuzi kama uzi wa kushonea.

Nikakipindua chungu. Nikatazama zile alama za duara kwenye kitako. Hazikuwa pambo. Ni mahali palipokusudiwa kutobolewa na mnunuzi mwenyewe. Nikaenda kwa cha pili, kikamwaga maji. Cha tatu hivyo hivyo. Maua yote ishirini na nane yalikuwa yamesimama ndani ya maji karibu wiki tatu, na mimi kila asubuhi naongeza.

Halafu nikalisikia lile swali upya. Haya maji yanatokea wapi? Alikuwa haulizi kisima. Alikuwa anauliza tundu.

Nimekaa barazani pengine nusu saa. Kisha nikachukua ufunguo, nikafungua kile kilango na kuingia uani kwa Bi Umi. Alikuwa anamenya mihogo, kisu mkono wa kulia, ule wa kushoto bado na kitambaa. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani, na njia yenyewe ni hatua kumi. Hotuba ikanipotea.

Nikamwambia yote. Kwamba maua ya Saleha yanakufa. Kwamba nilidhani ni jicho lake. Kwamba ndiyo sababu ya kufuli. Sikumtaja Zubery, maana kufuli nililitia mimi.

Aliendelea kumenya mpaka muhogo ule ukaisha. Nikamuuliza mkono umefanya nini. Akasema aliteleza na ndoo njiapanda ya kwa Shamte, Jumamosi, lakini haukuvunjika.

"Siku ile nilitaka kukwambia, shemeji," akasema. "Nikaona umevipanga vizuri sana. Nikaona mwenyewe umefurahi, na mkeo anapasuliwa kesho. Nikasema nitamwambia siku nyingine. Nikaahirisha kila siku, mwisho nikakuta kufuli."

Nikamwomba radhi. Nilisema neno lenyewe, nisamehe, si maneno ya pembeni. Akasema ameshasamehe, ila tusikae hapo tunaongea wakati mizizi inaoza. Akatia kisu kwenye maji ya moto na kuniambia nilete chumvi, nikaenda mbio, kumbe chumvi ni ya mihogo yake iliyokuwa jikoni.

Ijumaa, 25 Aprili
Jua. Upepo mkavu, Mungu ametuhurumia.

Tumefanya kazi tangu saa moja hadi adhana ya Ijumaa, na tena baada ya swala.

Bi Umi alinikalisha chini kama mwanafunzi. Kila mmea tunautoa, tunaukung'uta udongo, tunaosha mizizi kwa maji safi. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu, ukiuvuta unakataa. Uliooza ni mweusi, unanuka, unakwisha mkononi. Tunakata mpaka tufike penye weupe, na kisu tunakipangusa kila mara kisihamishe uozo. Majani nayo tunayapunguza, kwani mizizi iliyobaki haiwezi kulisha mwili wote. Kisha tunaulaza mmea kivulini upumzike, ukauke jeraha.

Vyungu nimevitoboa mimi, kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko. Matundu matano kila kimoja. Udongo wangu wa bondeni ameukataa. Ameniambia huo ni wa kufinyanga, si wa kupandia. Tumechanganya mchanga mwingi, udongo mwekundu na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na chini kabisa kokoto. Hakuruhusu nishindilie. Nikishindilia ananigonga mkono.

"Mizizi nayo inavuta pumzi," alisema. "Mihogo yangu ikilaliwa na maji siku tatu, naikuta hivi hivi. Kwa nje imesimama. Ukichimba, hakuna kitu."

Kumi na moja hatukuweza kuyaokoa. Asumini haikubaki na mzizi hata mmoja. Bi Umi alilipapasa shina lake muda mrefu akitafuta penye ubichi, akapata, akakata vipande vitano vya urefu wa shibiri na kuvichomeka kwenye mchanga mtupu, kila kimoja chungu chake. Alisema tusivitegemee, ila tusivikatie tamaa.

Amri yake ya mwisho ni hii: nisimwagilie kitu kabla sijaingiza kidole hadi kiungo cha pili na kukuta pakavu. Na vyungu vyote vitoke ukingoni, vikae ndani ya baraza kusikofika mvua.

Maji yamechuruzika na kuchora sakafu yangu. Nimeyatazama yakipita nikafurahi.

Jumamosi, 26 Aprili
Nimeingiza kidole mara kumi na saba. Udongo wote mbichi. Sikumwagilia.

Jumatatu, 28 Aprili
Mvua ya usiku kucha na mchana kutwa. Barabara ya uwanjani imejaa.

Bi Umi amerudi kutoka Baleni amelowa. Nimelazimika kuuliza mara mbili. Shamba lake limeingia maji upande wote wa chini, na mihogo ile ndiyo chakula chake na cha mama yake hadi mwisho wa mwaka. Mkono wake haushiki jembe.

Nikamwambia kesho nitakwenda naye. Akanitazama mikono, mikono ya karani. Kisha akakubali.

Jumatano, 30 Aprili
Mvua za vipindi.

Siku mbili Baleni. Tumekwenda kwa bodaboda, majembe tumeyafunga kwa mpira. Nimechimba mfereji kutoka katikati ya shamba hadi kwenye kijito, yeye mbele yangu akinionyesha kwa mguu maji yanataka kwenda wapi. Siku ya kwanza maji hayakusogea, nikafikiri tumepoteza kazi. Leo saa sita nimevunja ukingo wa mwisho na yakaanza kwenda, polepole, kisha kwa sauti. Tulisimama tukayasikiliza.

Safu za chini kabisa tumezing'oa mapema. Nusu ilikuwa imeoza, nusu nzima. Ile nzima tumeimenya na kuitandika kwenye mabati chini ya paa ikauke iwe makopa. Sehemu ya juu yote imesalimika. Mama yake Bi Umi, kizee kisichoona vizuri, alinishika viganja vyenye malengelenge na kuniombea dua ndefu. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba mwanangu, na mimi nina miaka sitini na tatu. Sina tena wa kuniita hivyo.

Mgongo unauma. Siku nyingi sijalala na furaha ya namna hii.

Ijumaa, 2 Mei
Mawingu.

Nimemwambia Saleha.

Nilimpigia baada ya swala. Nikaanza na vyungu, nikaendelea na udongo, nikafika kwenye asumini ya Kirongwe na ule uongo kwamba imechanua. Alisikiliza bila kunikata. Nilingoja alie au anikaripie kwa ajili ya tawi la mama yake. Mwisho nikamweleza kufuli.

"Umi alikuwa anachota maji wapi?" akauliza.

Nikasema kwa Shamte.

"Siku ngapi?"

Siku sita. Nikamwambia na habari ya mkono.

Akasema amechoka, tutaongea kesho. Simu ikakatika. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa hajawahi kunikatia.

Jumamosi, 3 Mei
Mvua nyepesi.

Amepiga saa moja asubuhi. Alikuwa ameshaongea na Bi Umi. Akasema alikuwa na hasira usiku kucha, na sasa imepungua kwa sababu ya mfereji. Akasema pia yale makopo aliyatoboa yeye mwenyewe, moja moja, mwaka alioua maua yake yote ya kwanza. Miaka yote hiyo nilidhani ni kutu.

Akauliza kama vile vipande vitano bado vibichi. Nikamwambia kweli: viwili vimekauka, vitatu sijui.

Jumanne, 6 Mei
Kidole. Manne makavu, nimemwagilia manne.

Ijumaa, 9 Mei
Jua na mawingu.

Majibu hayajatoka. Muna amekwenda maabara, ameambiwa wiki ijayo. Saleha kwa simu anaongea mambo ya bei ya ndizi na majirani wa Tandika, na mimi namjibu mambo ya mvua. Hakuna anayelitaja jambo lenyewe.

Bi Umi anakuja na ndoo zake asubuhi na jioni. Ndoo nazivuta mimi kutoka kisimani. Leo alikaa kidogo, akaniambia kwamba alipokuwa akiuguza marehemu mumewe kungoja kulimsumbua kuliko kuuguza. Nikamwambia nami ni hivyo hivyo. Ndiyo mara ya kwanza nimesema kwa mtu kwamba naogopa.

Jumanne, 13 Mei
Sijui hali ya hewa. Nadhani jua.

Si saratani.

Muna alisoma karatasi yote kwa simu, na mimi sikuelewa ila hilo. Nikamwomba asome tena. Si saratani. Uvimbe wa kawaida, umetolewa wote, hakuna dawa zaidi ila kupumzika. Nyuma yake nilimsikia Saleha akisema mwambie baba yako anywe maji.

Nilitoka hadi uani nikamwambia Bi Umi. Akaweka ndoo chini, akakaa palepale kwenye ukingo wa kisima na kujifunika uso kwa kanga. Tulilia wote wawili mchana kweupe, kila mmoja upande wake wa kisima.

Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Sina neno jingine, nalo linatosha.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua ndogo ya asubuhi, jua siku nzima.

Kwenye kipande kimoja cha asumini pametokea kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mchele. Nimemwita Bi Umi aje athibitishe. Amethibitisha. Akanikataza kuking'oa nitazame mizizi, kwani alijua nitataka.

Jumamosi, 24 Mei
Jua. Upepo mzuri.

Saleha amerudi. Amepungua, nguo inamning'inia, anatembea ameshika tumbo. Nimemleta kwa gari la kukodi pole pole kama mtu aliyebeba mayai. Alipofika barazani alitazama vyungu kumi na saba na vile vya asumini pembeni, akaingiza kidole kwenye kimoja, akaridhika. Kisha akalala saa tano nzima, na mimi nikakaa nje ya mlango wa chumba kwa sababu tu niliweza.

Jumanne, 27 Mei
Jua. Masika yanakwisha.

Leo asubuhi tulikuwa tunakunywa chai, Bi Umi amekwenda Baleni kutazama makopa yake. Saleha akasema kuna jambo hakuniambia.

Jioni ya kabla ya operesheni, akasema, alimpigia Umi. Alikuwa na hofu ambayo hakutaka mimi wala Muna tuijue. Akamwambia Umi, nisipoamka, maua yangu yote ni yako, mume wangu hatajua la kuyafanya.

Nikahesabu siku. Jioni ya tarehe nane. Siku ile ile aliyoniuliza maji yanatokea wapi. Kwa hiyo nilipotia kufuli nikidhani anayaonea kijicho, yalikuwa yameshawekwa mikononi mwake.

"Akakujibu nini?" nikauliza.

"Alisema hayataki. Alisema nirudi niyatunze mwenyewe." Saleha akaweka kikombe chini. "Akasema hivyo kisha akakaa kwenye simu bila kusema kitu, mpaka nilipopata usingizi."

Sikuweza kumaliza chai.

Alasiri Bi Umi aliporudi, Saleha alikuwa ameshachagua vyungu saba, vizuri vizuri, kimojawapo kikiwa na kipande cha asumini. Bi Umi akakataa. Akasema kwake hakuna baraza, kuku watayaparua, yeye ni mtu wa mihogo. Saleha akamwambia kwamba safari hii hafi, kwa hiyo Umi hana sababu ya kuyakataa. Bi Umi akageuka pembeni kidogo, akajirekebisha kanga, kisha akasema basi yaletwe, ila upande wa jua la asubuhi.

Nimevibeba vyote saba kimoja kimoja, Saleha amekatazwa kuinua kitu. Yeye na Bi Umi walikaa kwenye mkeka na kubishana kila kimoja kikae wapi, nami nikahamisha, nikarudisha, nikahamisha tena, mpaka wote wawili wakasema hapo.